Kamati ya Kuondoa Kamati

Mimi Ibrahimu, Katibu wa Kamati ya Kuondoa Kamati, kijiji cha Ikungulyamoto, ninayo heshima ya kuutaarifu umma jinsi kijiji chetu kilivyoishi siku kumi na tisa katika uhuru kamili, bila sheria hata moja.

Mwenyekiti wetu, Donatus, ambaye wengi tunamwita Baba Loveness, alirudi kutoka semina ya siku tatu Mwanza na begi jipya na msimamo mmoja: mtu huru ni mtu na mali yake, na kila kilicho cha wote ni utumwa. Sisi cha wote tulikuwa nacho kimoja tu, njia. Tukaifuta pamoja na sheria zote, tukaigawa. Kila kaya ikapata kipande, na mwenye kipande akawa huru kuweka masharti ayapendayo.

Mwenyekiti alichagua wa kwanza, kwa niaba ya wananchi. Alichukua kipande cha karibu na karasha, mtambo wa kusaga mawe, ambako kila lori la mawe ya dhahabu lazima lipite. Agnetha, au Mama Vumilia, mjane anayewauzia wachimbaji chai na michembe ya viazi vitamu, alichagua wa mwisho. Akabakiziwa uchochoro wa hatua mbili nyuma ya nyumba ya Mwenyekiti, kati ya mlango wake na choo chake. Kamati ilimpa pole kwa maandishi.

Utekelezaji ulianza vizuri. Mzee Mihayo alitaka wapitao kwake watembee kinyumenyume, wala hakueleza sababu, kwa kuwa mtu huru haelezi. Zuhra aliruhusu wenye jina linaloanza na Z, yaani Zuhra. Ng'ombe, ambao hawasomi matangazo, walipita popote. Tathmini yetu ilionyesha kwamba hao ndio waliokuwa huru kuliko wote.

Siku ya ishirini Mwenyekiti alikunywa maziwa mgando ya juzi. Muda si mrefu akatoka mbio kwa mlango wa nyuma, akakuta kamba. Ng'ambo ya kamba Agnetha ameketi kwenye kigoda, anachambua maharage. Nami nilikuwepo, kwa kuwa tangu jana yake Zuhra hakuwa amenipisha niende kwangu.

Mwenyekiti aliamuru kamba itolewe. Agnetha alimpa shikamoo kwanza, akangoja mpaka aitikiwe, kisha akauliza hiyo amri inatokana na sheria ipi. Mwenyekiti akanigeukia. Nikafungua jalada la sheria. Lilikuwa tupu, kama tulivyokusudia.

"Mama Vumilia," alisema kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, miguu ameipishanisha, "hili si suala la siasa."

"Uhuru wako sijaugusa, Baba Loveness," Agnetha alijibu. "Unao mzima, hapo hapo uliposimama. Ardhi tu ndiyo yangu."

Mwenyekiti akaniagiza niitishe mkutano wa dharura. Akidi haikutimia, kwani hakuna mjumbe aliyeweza kuvuka kipande cha jirani. Ila sauti zilivuka. Agnetha akawauliza majirani kwa kupaza sauti wanataka nini kabla kamba haijafunguliwa, nami nikaandika. Zuhra, aliyekuwa hajafika sokoni wiki nzima, alitaka njia irudi kuwa ya wote. Mwenyekiti akasaini. Mihayo alitaka malori yaende taratibu mbele ya shule. Akasaini. Mwingine alitaka bomba la kijiji lisianzie uani kwa Mwenyekiti. Hilo alilisaini bila kusoma, kijasho kikimchuruzika.

Mwishoni nikamuuliza Agnetha kama naye ana pendekezo. Hakuwa na mengi. Alitaka uenyekiti uwe na ukomo, na ukomo wenyewe uwe leo.

Mwenyekiti aliutazama mlango wa choo, kisha akaninyooshea mkono.

"Kalamu," alisema Mwenyekiti.

Kamba ikafunguliwa. Kamati inathibitisha kwamba asubuhi ile zilipita sheria kumi na moja bila mjadala, na kwamba Mwenyekiti mstaafu alikaa chooni muda mrefu. Alipotoka alikiri mbele yangu, huku akipumua taratibu, kwamba tangu azaliwe hajawahi kujisikia huru namna ile.