Pini Mdomoni

Jumatatu, 3 Juni
Mkunga katuachia daftari tuandike saa za mtoto kunyonya. Saa mbili: kanyonya kidogo, kaachia. Saa nne: kaachia. Saa sita: kaachia, kalia. Basi! Karatasi zimebaki tele, acha niandike na yangu.

Mjukuu wangu wa kwanza, ana siku mbili. Binti yangu katoka naye hospitali moja kwa moja mpaka kwangu. Nyuma yao kaja mama mkwe wake, nani kamwita sijui. Fundi cherehani. Kavuta kiti kando ya kitanda, anapinda nepi, mdomo umejaa pini, neno hatamki. Mimi namwita Bi Pini. Kazi ya kumchangamsha mzazi kaniachia mimi peke yangu!

Sasa sikia maajabu. Nikiwa chumbani, mtoto anashika ziwa na kuachia. Nikienda jikoni nikabaki kusikiliza mlangoni, ananyonya. Bi Pini yupo pale pale. Ana kitu huyu.

Jumanne, 4 Juni
Leo nimemwondoa. Nilimwambia nimepigiwa simu, bomba la kwake limeachwa wazi, maji yanatoka mpaka barabarani. Akakurupuka na kiatu kimoja. Nikakalia kiti chake. Nikamsimulia binti yangu harusi ya mwenye nyumba tangu mwanzo, ili maziwa yashuke kwa raha. Mtoto alilia mpaka akawa mwekundu.

Bi Pini karudi anahema. Kasema bomba ni zima. Hakunitazama. Nikatoka kwa aibu kwenda kuanika nguo, na yule mtoto akanyonya!

Jumatano, 5 Juni
Nimejua, ni harufu. Nimechukua mtandio wa Bi Pini kwenye kamba, nikajifunga, nikakaa karibu. Nikamwambia mjukuu kwa upole mambo yote ya mtaa. Akaachia ziwa.

Chuchu za binti yangu zimechubuka. Kageukia ukutani, akaniuliza kama kuna wanawake ambao watoto wao hawawataki. Nikamkanda miguu tu.

Alhamisi, 6 Juni
Mkunga kaja na mizani. Alizaliwa kilo tatu na gramu mia moja, leo kilo mbili na mia nane. Kasema asipopanda mpaka Jumatatu, anarudi hospitali.

Akakaa kutazama. Akamfundisha binti yangu kumlaza mtoto tumbo kwa tumbo, asubiri kinywa kifunguke kama anapiga mwayo, kidevu kiguse ziwa. Akashika vizuri! Kwa furaha nikaanza kusimulia mke wa muuza mikate alivyohangaika na mapacha. Mtoto akaachia, akageuza kichwa kwangu. Mkunga akaniomba nitoke. Mtoto akashika. Mkunga akaniita niingie nizungumze. Akaachia. Mara tatu!

Nilijua nitagombezwa. Mkunga akasema sauti hii mtoto kaisikia miezi yote akiwa tumboni, anaifahamu kuliko zote. Binti yangu akacheka, mara ya kwanza tangu ajifungue.

"Anakutafuta wewe, mama."

Nikaenda jikoni. Moshi ulinitoa machozi. Napikia gesi, lakini moshi ulikuwepo.

Amri: mtoto akinyonya, nisitoe neno.

Ijumaa, 7 Juni
Saa mbili: kimya. Saa nne nimeona dirishani muuza mikate anatoka kwake na sanduku kubwa jipya, mke anamfuata analia. Na siruhusiwi kusema! Nilivimba. Bi Pini akanionea huruma, akaniwekea pini sita kiganjani. Nikazibana kwa midomo kama yeye. Tukapinda nepi pamoja.

Mtoto kanyonya dakika ishirini. Nikamsikia anameza, ku, ku. Sikujua kama kunyonya kuna sauti. Nepi sita zimelowa leo, nimezihesabu kama mahari.

Jumatatu, 10 Juni
Kilo tatu kamili! Bi Pini akaangua kilio, pini zikamwagika, tukazitafuta kwa magoti wote wawili. Hapo nikamwambia ukweli wa bomba. Akasema alijua siku ile ile, aliporudi akaiona simu yangu imezimika, haina chaji.

Mtoto aliposhiba, binti yangu akamfuta mdomo, akamgeuzia kwangu.

"Haya mama, sasa sema."

Nikasema tu, mjukuu wangu. Akanitazama.

Jumanne, 11 Juni
Nimejifunza. Kimya ni dawa! Tangu asubuhi nimepita nyumba saba kuwaeleza. Mkwe wa mwenye nyumba kajifungua juzi, mtoto hashiki ziwa, maskini. Nimejitolea. Kesho nakaa kitandani kwake asubuhi mpaka jioni, nimweleze habari za kimya tangu mwanzo, bila kuruka hata kidogo.

Bi Pini alitaka nibebe pini. Nimekataa. Mtu atafundishaje na pini mdomoni?