Digrii Kumi na Nne za Nyahururu

Jumatatu, 4 Agosti 1986
Makubwa leo! Fundi mkuu wa gereji yetu hapa Kilifi amestaafu. Bhikhubhai, mwenye gereji, ametangaza: Alhamisi anakwenda Malindi na gari lake la Pijo. Atakayelitaimu vizuri, cheche za injini ziwake kwa wakati wake, mimi au fundi mwenzangu Gona, ndiye fundi mkuu. Na fundi mkuu hupewa nyumba ya nyuma, vyumba viwili! Wanjira, mke wangu, ameapa hatoki Nyahururu kuja kubanana na wanaume watatu ninaoishi nao. Miaka miwili sasa. Mtoto ananijua kwa picha tu. Lazima nishinde.

Jumanne, 5 Agosti
Gona anataimu kwa sikio! Mimi nina jedwali, nililolinakili mwenyewe nikijifunza ufundi Nyahururu, kwa wino mwekundu. Nikamweleza: mafuta huchukua muda kuwaka, kwa hiyo cheche hutangulia kabla pistoni haijafika juu. Injini ikikimbia, cheche itangulie zaidi. Mizunguko elfu moja kwa dakika, digrii kumi na nne. Elfu tatu, thelathini na sita. Akasema hayo anayajua. Akauliza, Nyahururu ni mlimani? Nikamwambia asibadilishe mazungumzo.

Jumatano, 6 Agosti
Mpango kabambe. Nikamwambia Gona kuna lori limekwama Kuruwitu, mwenyewe karibu alie. Akavuka feri na baiskeli yake. Nikajifungia na Pijo, jedwali mkononi, nikazungusha distribyuta, kile kigawa cheche, mpaka digrii kumi na nne kamili. Likanguruma laini kama cherehani.
Gona karudi jioni, jasho chapachapa. Lori hakuliona. Lakini kaniletea samaki, changu wawili, ati siku hizi ananiona nakonda. Nikaona haya sana. Nikawala.

Alhamisi, 7 Agosti
Aibu! Bhikhubhai kwenye usukani, mimi mbele kama bwana harusi, Gona nyuma na magunia ya saruji. Kufika Matsangoni, injini ikaanza kugonga, misumari ndani ya debe! Bhikhubhai akauliza ni nini hicho. Nikasema ni nguvu. Akasema nguvu hiyo inamtia hofu. Nikashuka, nikaongeza digrii nne. Ikagonga maradufu, maji yakachemka.
Gona akashuka. Akalegeza nati, akarudisha distribyuta nyuma kidogo kwa vidole viwili. Kimya! Mpaka Malindi.
Akanieleza taratibu: huku baharini hewa ni nzito, inajaa ndani ya injini, mafuta yanawaka haraka. Cheche haina haja ya kutangulia sana. Mlimani hewa ni nyepesi, ndiyo maana huko hutangulizwa. Nikafungua jedwali langu. Juu kabisa, kwa mwandiko wangu: Nyahururu, futi elfu saba na mia saba. Miaka yote hii nilidhani ni anwani!

Ijumaa, 8 Agosti
Gona ndiye fundi mkuu. Nikaenda kulia nyuma ya tangi la maji. Kadii, mama anayetuuzia chai na mahamri langoni, akaniona, akamwambia Gona. Gona akamwendea Bhikhubhai moja kwa moja: yeye ana nyumba yake Tezo na mkewe hataki kuhama, basi hiyo ya gereji apewe Ndirangu, yaani mimi. Nikamkumbatia, grisi na yote. Wanjira anakuja! Nikakusudia kumwungamia Gona habari ya lori la Kuruwitu. Kesho.

Jumapili, 10 Agosti
Nimechora jedwali jipya, la pwani. Juu nimeandika kwa herufi kubwa: futi sifuri. Sasa sikosei tena maishani.
Jirani yangu Thuku anaondoka leo na pikapu yake kwenda Nyahururu kumchukua Wanjira, mtoto na kabati. Nimemtaimia mwenyewe, bure, kwa jedwali jipya. Nikarudisha cheche nyuma digrii tano, kisha mbili zaidi za mapenzi. Thuku kalalamika kwamba sasa hata kile kilima cha kutoka ferini inakipanda kwa shida. Nikamwambia injini inatulia. Gona akapita, akauliza gari linaelekea wapi. Nikamjibu kwa heshima zote: fundi mkuu apumzike, leo ni Jumapili, na mwanafunzi wake ameelewa.
Nimefagia vyumba vyote viwili. Watafika Jumanne, mapema kabisa.