Kamati ya Maneno Mawili

Umma ulitangaziwa kwamba Idara ya Vibali imeunda Kamati Maalumu ya Ufafanuzi wa Maneno Mawili ya Kiingereza. Maneno yenyewe, "step down", yalikuja kwenye barua ya Bodi: Mkurugenzi anatakiwa ku-step down kabla ya Ijumaa.

Mfasiri wa idara, mama wa watu asiyependa makuu, aliitwa ghorofa ya sita kutoa maana.

"Ni kujiuzulu, Mheshimiwa," alisema.

Mkurugenzi alimkodolea macho kana kwamba ametukaniwa wazazi.

"Step ni nini?" aliuliza Mwenyekiti wa Kamati, shemeji yake Mkurugenzi.

"Hatua."

"Down?"

"Chini."

"Hatua, chini. Sasa huko kujiuzulu umekuokota wapi, dada yangu?"

"Yakikaa pamoja, mzee, maana inabadilika."

"Ndiyo sababu tumeunda kamati. Isibadilike!"

Akaonywa kwamba akizidisha ujuaji atahamishiwa stoo ya majalada. Ana watoto wanne wanaosoma, akafyata ulimi.

Baada ya siku tatu za chai na tafakuri, Kamati iliazimia kwamba Mkurugenzi ahame ghorofa ya sita, ashuke hadi ya chini, hatua kwa hatua, bila lifti. Utepe ukakatwa. Mheshimiwa akateremka ngazi zote huku akipigiwa makofi kila kona, jasho likimchuruzika, dereva akimfuata na mto wa kiti.

Mfasiri akaagizwa kuiandikia Bodi taarifa kwa Kiingereza fasaha. Hakuongeza neno wala hakupunguza: Mkurugenzi ame-step down kwa hiari yake, kwa baraka za kamati nzima.

Mkurugenzi alisoma, akatia saini kwa mbwembwe. "Umeona? Kumbe ukiamua, Kiingereza unakijua!"

Jumatatu Bodi ikajibu. Ilimpongeza kwa uungwana adimu, ikamtakia mapumziko mema, na ikamleta mkurugenzi mpya ghorofa ya sita.

Mheshimiwa aliruka kama aliyepigwa shoti. Akaandika rufaa, akakimbilia lifti.

Mlinzi alimzuia kwa mkono mmoja, akamwonyesha mstari wa wananchi wenye maombi na rufaa, uliozunguka jengo hadi nyuma ya vyoo.

"Foleni, mzee. Uliza wa mwisho ni nani."