Kuhusu Seva Iliyompa Mkwe Kidari Changu

Masama, Hai

Kwa Ndugu Elimringi,
Msimamizi wa Seva ya Ukoo,
Soweto, Moshi.

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, maana najua ukiona jina langu utaamkia kwanza. Nakuandikia kwa heshima na uchungu, kama baba yako mkubwa na kama mlezi wa seva ya ukoo, uliyoileta mwenyewe kwenye stoo yangu ya ndizi ukisema baridi ya huku juu itaipoza bure. Nimeilea vizuri. Hakuna kuku aliyeikanyaga.

Kama ujuavyo, Krismasi ukoo wote unapanda nyumbani, ng'ombe anachinjwa, na kila mtu anapata kipande kinachomstahili. Kidari ni cha mkubwa wa ukoo, yaani mimi. Ili watu waache kugombana, ukatutengenezea tovuti ya mgao. Tangu uiboreshe juzi juzi, tovuti inasema kidari ni cha Fabian wa Holili, mume wa binti yangu Violet. Mkwe! Mimi nimepangiwa kwato. Nimefuata maelekezo yako yote ya kwenye simu, na malalamiko yangu ni haya:

1. Ulisema niizime, nisubiri, niiwashe. Iliamka na msimamo uleule. Hata mlevi akilala huamka na aibu kidogo.

2. Ulisema seva haina kosa, ni simu yangu inayokumbuka mambo ya zamani, hivyo nifute kache. Kwanza, mambo ya zamani ndiyo ninayoyataka. Pili, nilifuta, simu ikasahau kila kitu, zikabaki kwato.

3. Ulisema nisome logi, kwamba humo seva huandika kila linaloisibu. Nilisoma mbele ya kikao. Ni onyo, onyo, onyo, tangu Pasaka. Mwenye maonyo yote hayo anakaa jirani na jiko langu na hajawahi kumwambia mtu mzima hata moja. Hiyo ni dharau.

4. Ulisema nirudishe bakapu, ile nakala ya akiba ya mwaka juzi. Marehemu Elia akapangiwa maini. Mjane wake, shemeji Magdalena, alipoona jina la mumewe kwenye simu alilia upya, majirani wakaja na ndizi na maziwa, na hadi jioni tulikuwa msibani. Ukarudisha ilivyokuwa ili tusimzike mara ya pili, na kwato nazo zikarudi.

5. Ulisema nibadilishe kitu kimoja tu kwa wakati, nione kama tatizo linaondoka. Ushauri mzuri. Nikamwomba Violet abadilishe mume kwa wiki moja, kwa majaribio. Hapokei tena simu zangu, na mama yake ananipa kiporo.

6. Nikaona pengine tumeikosea, labda kwa ile mikungu niliyoiegemezea. Nikakata jani la isale, nikaliweka juu yake mbele ya wazee. Hapa kwetu aliyepelekewa isale hakatai kusamehe, hata kesi ikiwa ya damu. Seva ilivuma tu. Nikafungua simu: kwato.

Mwanangu, naumia. Ujanani nilipewa shingo, nikapanda hadi mbavu, nikapanda hadi bega, huku nikimtazama baba yangu anavyokula kidari amefumba macho. Sitaki kufa nikiwa mkubwa wa ukoo aliyekula kwato.

Kwa hiyo naomba seva ifukuzwe rasmi kwenye ukoo, ihamishiwe zizini, na mgao urudi kichwani mwangu, ambamo hamhitaji umeme.

Msalimie mkeo Pamela, watoto, na seva za ofisini kwako zenye adabu. Shemeji Magdalena anakusalimia. Ng'ombe mwenyewe hajambo, ananenepa bila kujua lolote.

Ni mimi, kwa masikitiko,
Baba yako Mkubwa Wilson,
Mkubwa wa Ukoo (mpaka sasa).

N.B. Usije kuihamisha. Kabla sijafunga bahasha, wazee wameniuliza: kimila, nani hupeleka isale? Ni mkosaji. Basi nimekiri mbele ya mashahidi kwamba seva ilikuwa sahihi, na jambo lililofungwa kwa isale halifunguliwi. Kidari ni cha Fabian. Tafadhali usiguse chochote kwenye seva hiyo; nimeifunika blanketi. Nimempigia Fabian kumpongeza, akaniambia daktari amemkataza nyama yenye mafuta, atakaa karibu nami mezani anisogezee sahani. Kijana mzuri sana huyu. Sijui nani alikuwa anamsema.