Koti na Akiba Yake

Jumatatu, 3 Juni

Nimejiponza kwa mdomo wangu. Binti yangu anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo na ameomba jambo moja tu: nimwingize ukumbini nikiwa na koti nililovaa siku nilipomwoa mama yake. Nikasema hilo dogo. Nikalijaribu mbele ya watu. Kifungo na tundu lake havikuonana hata kwa mbali. Shemeji yangu, tunayemwita Sindano kwa wembamba wake, akalivaa yeye. Likamkaa. Akasema nikishindwa yeye yupo, mjomba naye ni mzazi. Thubutu! Kesho naanza mazoezi.

Jumatano, 5 Juni

Nimekimbia hadi kwa kinyozi, nikarudi nikitembea. Jana vilevile. Chakula cha jioni nimeacha, isipokuwa anachobakiza mke wangu, maana kutupa chakula ni dhambi. Nikajipima koti. Hakuna kilichobadilika! Mke wangu anasema mwili haupungui kwa amri. Nimekata tamaa kabisa, na mtu aliyekata tamaa hakimbii.

Alhamisi, 6 Juni

Mimi si fundi cherehani? Nilisahauje! Koti lililoshonwa vizuri huachiwa kitambaa cha akiba ndani ya mshono. Nimefumua kidogo mbavuni, nikashona upya. Huu si udanganyifu, ni kujitia moyo tu. Nikishapungua nitarudisha. Nikalivaa, nikaona nafuu papo hapo. Furaha ikanizidi, nikala kidogo.

Jumapili, 9 Juni

Maendeleo. Kifungo kimegusa tundu. Kweli nimefumua tena, lakini nina hakika sehemu kubwa ni mazoezi. Sindano kaja kuchungulia, nikalivaa mbele yake, akanywea. Kaniuliza siri ni nini. Nikamjibu nidhamu, tena nikamshauri naye ajiangalie. Mke wangu kafurahi, kanipikia vizuri. Ningekataaje?

Jumatano, 12 Juni

Kukimbia nimeacha, kazi yake imekwisha. Nimefumua na mgongo. Akiba yote imetoka, mshono sasa umeng'ang'ania ukingo wa kitambaa. Lakini vifungo vyote vimefunga! Nimejitazama kwenye kioo hadi mteja akaondoka na suruali yake bila kuhudumiwa.

Ijumaa, 14 Juni

Balaa. Leo ndiyo nimelitoa koti nje kwenye mwanga. Nje limepauka kwa miaka yote hii, na kile kitambaa kilichojificha ndani kingali cheusi tititi. Nina mistari mbavuni na mgongoni! Dukani mwangu kuna giza, sikuiona. Nimeipaka chaki ya kukatia nguo. Ukikaa mbali huoni kitu. Wasinisogelee tu.

Jumamosi, 15 Juni

Niliingia ukumbini na binti yangu kanishika mkono, kifua mbele, pumzi nimeibana. Ningefika salama. Ila nilimwona Sindano kakaa pembeni, nikanyoosha mkono kumpungia ili anitazame vizuri. Trrr! Mgongo wote, juu hadi chini. Sindano akainuka, akaja mbio, nami nikajua nafasi yangu imekwenda.

Akasimama nyuma yangu. Akanikinga kwa mwili wake wote, mwili usiotosha kukinga ufa wa mlango, akaninong'oneza nitembee tu, yeye yupo. Tukaenda hivyo, watatu. Binti alikuwa akicheka hadi shela inatikisika. Akaniambia mistari aliiona tangu mlangoni, na chaki yangu imemjaa kwenye gauni. Akasema alimtaka baba yake, hata angekuja na fulana. Nikalia mbele za watu, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo.

Jumapili, 16 Juni

Mdogo wa bibi harusi naye katangaza uchumba. Harusi ni mwakani. Mke wangu kanisihi nishone suti mpya ya kunitosha, na Sindano kamuunga mkono mama watoto. Hawanijui. Nimetoa sandukuni suruali ya harusi yangu, inakwama mapajani. Mwaka mzima ni muda mwingi kwa mtu mwenye nidhamu. Tena somo la jana nimelipata barabara: safari hii mistari nitaianika juani mapema, ipauke. Mazoezi naanza kesho. Leo nimeifumua kidogo tu, kujitia moyo.