Kibanda cha Maji Kilichopotea Mikoroshini

Leo sina uso wa kutokea nje. Naandika haya nimejifungia chumbani, mapazia yameshushwa, na bado nawasikia watu wakicheka upande wa pili wa ukuta. (Ukuta wenyewe ndio kesi. Ngojeni.)

Kwa wale msionijua vizuri: mimi Mejumaa nilianza kwa kufua mashuka hotelini Diani. Nikaenda Doha miaka tisa, nikaondoka huko nikiwa msimamizi wa wafuaji wote. Nimerudi nyumbani nikakuta nyumba yangu ya vyumba vitatu imesimama, nimejenga kwa jasho langu, na lango la chuma lenye maua ya dhahabu. Juu ya hayo nikaketi darasani Mombasa miezi sita nikapata stashahada ya usimamizi wa miradi. Sikusaidiwa na mtu. (Najua mmeshasikia. Sikilizeni tena.)

Sasa, mtaa wetu wa Mikoroshini, ukitoka barabara ya Likoni na Ukunda ukaingia ndani kidogo, hauna maji ya mfereji. Wanawake huenda kisimani, kisima kiko mbali, na maji yake yana chumvi. Kwa hivyo niliposikia kwamba leo afisa wa miradi wa kaunti anakuja kutueleza fedha za wadi zimefanya nini, na kwamba itachaguliwa kamati ya maji, nikajiambia: Mejumaa, mwenyekiti ni wewe. Nani mwingine ana stashahada?

Jana nikaenda Ukunda nikachapisha orodha ya miradi ya wadi. Nikaipitia mstari kwa mstari kwa kalamu nyekundu. Ghafla nikakuta hili: "Kibanda cha kuuzia maji, Mikoroshini. Kimekamilika."

Kimekamilika! Huu mwezi wa nane nakaa Mikoroshini, na kibanda cha maji sijakiona hata kivuli. Nikaingia ofisini kwangu kuandika hotuba. (Ndiyo, nina ofisi. Iko uani kando ya ukuta, chumba kidogo cha mawe ambacho fundi aliniachia. Nimekipaka rangi na kukitia pazia.) Nikaandika kurasa nne.

Saa tatu asubuhi watu walikuwa wamejaa katika darasa la chekechea, wamekalia vile viti vya watoto, magoti yamefika masikioni. Afisa ni kijana wa bara, Bwana Mutua, mpole, anatokwa jasho. Akasema:

"Habari nzuri ni kwamba mabomba yamenunuliwa. Leo nataka tu kuona kibanda chenu kwa macho, nipige picha, na wiki ijayo mafundi waanze kuchimba. Lakini mahali hakuna kibanda, mabomba yanaenda mtaa ulio nacho. Hiyo si mimi, ni sheria."

Mwenyekiti wa mtaa, Ami Bakari, akainuka upesi. "Kibanda kipo, mwanangu. Kipo salama. Kikao kikiisha nitakupeleka, mimi na wewe tu, taratibu."

Mimi na wewe tu! Taratibu! Nikanusa wizi. Nikasimama, na kiti cha chekechea kikasimama nami. Nikakibandua, nikajitengeneza, nikaanza.

"Bwana afisa, kibanda hicho ni hewa! Kimejengwa kwenye karatasi! Mimi ni mtaalamu wa miradi, nimesomea, na nasema mbele ya umma: fedha za wananchi zimeliwa!"

Wanawake wote wakatazama miguu yao. (Nikadhani wameguswa.) Jirani yangu Bi Mwanasha, ambaye ni rika la marehemu mama yangu, akanivuta baibui kwa chini.

"Keti, mwanangu. Mambo mengine husitiriwa."

"Bi, wizi hausitiriwi!"

"Si wizi, mwanangu. Keti unywe maji."

"Maji yapi, Bi? Si ndiyo hayo tunayoyatafuta?"

(Hapo nilijiona nimesema kitu kikubwa sana.)

Bwana Mutua akafungua kalamu. "Kwa hivyo niandike hakipo?"

"La!" watu wote wakapiga kelele.

"Andika!" nikasema mimi, peke yangu.

Ami Bakari akanikaribia, akanong'ona. "Mejumaa, mwanangu, nakuomba kwa heshima ya marehemu babako. Jambo hili tulizungumze kando."

"Hakuna kando, Ami. Uwazi! Hii orodha ina alama ya mahali penyewe kwenye ramani. Nimeshaitia katika simu yangu. Twendeni sote, afisa aone panapodaiwa kuna kibanda, aone mchanga mtupu!"

"Jua kali, mwanangu. Tufanye kesho."

"Uwazi hauna kesho!"

Ami Bakari akatazama juu, akasema, "Basi. Allah atusitiri."

Tukatoka. Mimi mbele, simu mkononi kama taa, nyuma yangu afisa, nyuma yake mtaa mzima. Nikashangaa kwamba watu wanatembea polepole mno, kama wanaosindikiza bibi harusi asiyetaka kwenda. Tukapita msikiti. Tukapita duka. Simu ikasema pinda kushoto. Nikafurahi, maana njia hiyo inapita kwangu, na Bwana Mutua ataliona lango langu.

Akaliona. Simu ikasema tumefika.

"Ramani imekosea," nikasema. "Hapa ni kwangu."

Bwana Mutua akatazama simu yake mwenyewe. Akatazama ukuta. Akachungulia kwenye lango.

"Madam, na hiyo nyumba ndogo hapo ndani ni ya nini?"

"Hiyo ni ofisi yangu."

"Naweza kuiona?"

"Karibu sana!" (Karibu sana, nikasema! Kwa mdomo wangu huu!)

Akaingia. Watu wakajaa uani. Bwana Mutua akagonga dari kwa kidole. "Paa la zege, la kubeba tangi." Akapima dirisha kwa mikono. "Dirisha la kutolea ndoo." Akashika vyuma viwili vinavyochomoza ukutani. "Na hizi?"

"Hizo kulabu. Natundikia mkoba."

"Madam, hizi ni bomba."

Lakini mtu aliyesoma hakubali kwa bomba mbili. Nikamwambia vyumba vingi vina bomba. Akauliza kama anaweza kuisogeza fremu iliyo ukutani. Ile fremu ni stashahada yangu. Niliitundika pale kwa sababu ukuta ulikuwa na madoa ya buluu ambayo hata nikiyapaka rangi mara mbili yanarudi. Akaishusha kwa adabu, mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto. Nyuma yake, chini ya rangi yangu nyeupe, herufi zikaonekana moja baada ya nyingine. Akazisoma kwa sauti:

"Maji ni ya wote. Mikoroshini."

Jamani.

Nikatafuta wa kumlaumu. Nikamwona fundi Salimu, aliyenijengea ukuta nikiwa bado Doha, amejificha nyuma ya Ami Bakari.

"Fundi! Umenizungushia ukuta kwenye mali ya umma! Kwa nini hukuniambia?"

"Dada, nilikwambia."

"Lini?"

Fundi Salimu ni mtu mpole, hagombani. Akatoa simu, akatafuta, akatafuta, akabonyeza. Ujumbe wa sauti, dakika nne. Sauti yake ikajaa ua wangu:

"Asalamu alaikum, dada Mejumaa."

"Waalaikumu salam," watu wakaitikia. Wote!

"Habari za huko ugenini? Habari za kazi? Joto la huko je? Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi," uani.

Ikaendelea hivyo. Shangazi yangu anaendeleaje, mvua imenyesha kidogo, mbuzi wa jirani amezaa mapacha. (Akina mama wakatabasamu, walimkumbuka yule mbuzi.) Dakika ya tatu na ushei ndipo jambo likaja: "Sasa dada, hapa kuna kibanda cha maji cha mtaa, kiko mpakani kabisa. Nikienda na ukuta moja kwa moja, kitaingia ndani kwako. Je, nikizunguke, au nifanyeje?"

Chini yake jibu langu. Fundi akalibonyeza bila huruma. Sauti yangu, ya mtu aliye na shughuli nyingi:

"Ahsante fundi, vizuri sana, endelea hivyo hivyo!"

Wallahi sikuisikiliza ile sauti mpaka mwisho. Nilifika kwenye joto la huko, nikajua ni salamu tu, nikajibu. Mimi. Mtaalamu wa miradi.

Wa kwanza kushindwa alikuwa Bi Mwanasha. Alijitia leso mdomoni, mabega yakaanza kutikisika, kisha kikamponyoka kicheko kimoja ambacho nadhani kilisikika Kombani. Baada ya hapo ua mzima ukaanguka. Ami Bakari alilia machozi. Bwana Mutua alijaribu kukohoa, akatoka nje.

"Mbona hamkuniambia?" nikamuuliza Bi Mwanasha. "Miezi yote hii!"

Akafuta macho. "Mtu katoka mbali miaka tisa, kajenga, ana furaha na ofisi yake. Nani aende kumwambia, ofisi yako ni kibanda chetu? Ami Bakari alikuja kwako mara tatu. Kila akija wamkaribisha biriani, ashindwa. Tukasema, mabomba bado, haraka ya nini? Leo tulitaka kumuonyesha afisa kimyakimya, kisha tukwambie kwa uzuri. Nawe hukutaka."

Miezi minane wanawake hawa wamepita mbele ya lango langu na ndoo za maji ya chumvi kichwani, wananiuliza habari za asubuhi, wananisifu pazia. Singelia pale, wangesema stashahada imevuja.

Bwana Mutua akarudi, amejikaza. Akasema vibanda alivyokagua mitaa mingine vimeng'olewa milango, vingine vimebaki kuta tu. Kisha akaandika katika fomu, na mimi nikachungulia: "Kipo. Hali: nzuri sana. Kina pazia."

Watu wakapiga vigelegele. Mabomba yetu!

Kamati ikachaguliwa papo hapo uani kwangu. Mwenyekiti: Bi Mwanasha, kwa sauti moja. Nilipoinua mkono kujipendekeza, Ami Bakari akaushusha taratibu, akaushika. "Wewe, mwanangu, una kazi kubwa zaidi. Kufuli la kibanda ni lako, na wewe ndiwe jirani wa karibu. Utakuwa mshika ufunguo. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, fungua."

Saa kumi na mbili asubuhi! Kila siku! Na fundi Salimu hivi sasa yuko nje na nyundo, anabomoa ukuta wangu mbele ya lile dirisha, na kila jiwe likianguka mtu anasema "endelea hivyo hivyo!"

Jamani, nawasihi, msinicheke. Na asiyeweza kujizuia, basi acheke kwa adabu: maji yakifika, ufunguo ninao mimi.