Litoeni Lote

Jumamosi, 9 Februari 1985

Jefwa dereva karudi na basi la Nairobi. Kapita mbele ya duka langu la ushonaji, kachomoza kichwa dirishani, kaniambia tayari. Tangazo limefika! Kalikabidhi mwenyewe ofisini kwa gazeti, na wamemwambia ni la Ijumaa hii inayokuja.

Naandika haya ili siku moja wanangu wasome, wajue baba yao alikuwa na akili. Mambo ni haya. Nimemposa Zuleikha binti Uthman wa Mambrui. Wazee wetu walikwenda, wakakaribishwa kahawa na halua, wakaambiwa jawabu litakuja. Haliji. Na nyuma yangu kaja Farjallah, yule mwenye duka la misumari na saruji, naye kapeleka posa. Farjallah ana gari, ana simu, ana kitambi. Mimi nina cherehani.

Basi nimeandika tangazo kwamba Bwana Gharib Aboud, fundi wa kanzu wa Malindi, ameshapewa Bi Zuleikha. Ameshapewa! Mzee Uthman hanunui gazeti ila la Ijumaa. Hulisoma barazani baada ya sala, kwa sauti, na Mambrui nzima yamsikiliza. Akishasoma kwamba amekubali, atasema hakukubali? Mbele ya watu wote wale? Na Farjallah akisikia atarudi kwenye misumari yake.

Dada yangu Batuli sikumwambia. Hapendi mipango yangu.

Jumapili, 10 Februari

Lahaula! Mzee Uthman kakubali.

Kaniita Mambrui asubuhi. Nikaenda na kanzu mpya, nikampa shikamoo, nikambusu mkono. Kanikalisha mkekani. Akasema wameuliza, wamepima, na Zuleikha mwenyewe alipoulizwa akasema anamtaka Gharib. Mimi! Nusura niruke mbele ya mkwe. Farjallah atapelekewa jawabu lake baadaye, kwa adabu.

Kisha akaja na neno la pili. Kaka yake mkubwa yuko Lamu, ndiye aliyemlea Zuleikha. Jumamosi Mzee atakwenda huko amwambie kwa mdomo wake mwenyewe. Yule mkubwa akisikia arusi ya nyumbani kwake kutoka kwa watu baki hukasirika, na akikasirika arusi haiwi. Basi mpaka Jumamosi habari isivuke ukuta ule. Akaniuliza kama naweza kuuzuia ulimi. Nikamwambia, baba, mimi ni kaburi.

Kaburi! Na tangazo liko Nairobi.

Nikamkimbilia Jefwa. Basi lake limevunjika gia, halitoki mpaka wiki ijayo. Nikarudi nyumbani. Batuli kapika wali wa nazi na papa, nikautazama tu. Akaniuliza nina nini. Nikasema ni furaha.

Jumatatu, 11 Februari

Nimefunga duka, nimekwenda posta. Simu ya maandishi haipelekeki. Karani anayeziandika ni binamu wa Farjallah, na ulimi wake hauna mfupa. Basi nikaingia kwenye kibanda cha simu na mfuko wa shilingi.

Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, mlio tu. Mara ya tatu kapokea mwanamke, katamka jina la gazeti kama anayeimba, kisha akasema subiri. Nikasubiri. Nikasikia vikombe. Nikasikia mtu akiulizwa kama chai yake ina sukari ya kutosha. Shilingi zadondoka moja moja huku wao wakoroga chai. Mara ikakatika. Nikaanza upya. Subiri! Yule bibi hana neno jingine. Nikamwambia, dada yangu, nataka mtu, mtu mwenye masikio. Akasema nisubiri.

Nyuma yangu foleni. Mama mmoja wa Kakuyuni, Kahonzi jina lake, alitaka kumpigia mwanawe Mombasa. Akagonga kioo na sarafu, akauliza kwa sauti kama mimi nimeoa humo ndani. Foleni yote ikacheka. Alinigusa penye donda, naye hajui. Shilingi zikaniishia, nikatoka. Akaingia yeye, akampata mwanawe papo hapo.

Jumanne, 12 Februari

Leo nimemvuka bibi wa subiri! Nilikaza sauti, nikamwambia napiga kutoka ofisi kubwa ya Pwani. Hakuuliza ofisi gani. Kaniunganisha.

Kapokea mwanamume mwenye haraka. Kabla sijataja jina akauliza, ni Pwani? Nikasema ndiyo, Malindi. Akasema hatimaye, wamengoja tangu asubuhi, haya, ngapi kwa ngapi?

Ilikuwa meza ya michezo. Wallahi nilitaka kusema kweli. Lakini huyu alikuwa binadamu wa kwanza kunisikiliza, nikaogopa ataniacha. Nikasema Muyeye tatu, Mambrui bila. Akataka majina ya wafungaji. Nikamtajia vinyozi wawili na muuza maji. Akauliza uwanja ulikuwaje. Nikasema mkavu. Hapo ndipo nikamwomba kwa adabu aniunganishe na watu wa matangazo. Akasema asante sana, kazi nzuri, akakata simu.

Jumatano, 13 Februari

Muyeye tatu, Mambrui bila, gazetini! Uongo wangu umetoka kwa siku moja. Vijana wa Mambrui wanamsaka aliyepeleka habari. Mechi yenyewe haikuchezwa.

Posta nimekuta kibanda kimefungwa, simu imeharibika. Na mtaani kwetu mwenye simu ni mmoja: Farjallah. Kaitia kufuli pale pa kuzungushia namba, ufunguo kauvaa shingoni.

Nikaenda, nifanyeje? Nikamwambia shangazi yangu Kuluthumu amelazwa Nairobi, ana jiwe kibofuni, nataka kusema na madaktari. Farjallah akabadilika uso. Kumbe marehemu baba yake alikufa kwa jiwe! Akafungua kufuli, akanivutia kiti, akakataa hata kusikia habari ya malipo. Kisha akasimama ubavuni kwangu, akakaa hapo hapo. Alitaka kujua hali ya shangazi.

Na leo bibi wa subiri hayuko! Kapokea mwengine, kaniunganisha na matangazo bila maneno. Msichana, jina lake Mumbua, sauti ya upole. Mtu! Mtu hai, kazini, anayeuliza anisaidie nini! Machozi yalinilenga. Lakini nitasema nini, na Farjallah yuanipumulia sikioni? Nikasema mimi Gharib wa Malindi, naulizia lile langu. Lile la Ijumaa. Akapekua, akasema lipo mbele yake. Nikamwambia, litoeni.

Akauliza kama nina hakika, Ijumaa hii hii? Nikasema litoeni, dada, msicheleweshe. Farjallah kanigusa bega, kaninong'oneza niwaambie walitoe lote, la baba yake kilibaki kipande na ndicho kilichomuua. Nikasema litoeni lote, kisibaki hata kipande. Mumbua akasema ni kubwa kidogo, mkubwa wake alitaka kulipunguza. Nikapiga kelele, msipunguze! Lote! Akacheka, akasema basi bwana, ondoa wasiwasi, Ijumaa asubuhi litakuwa limetoka lote.

Nikaweka simu, nikamkumbatia Farjallah. Naye akalia kidogo, kamkumbuka babake. Mtu mwema, kusema kweli. Nikamwonea huruma kwa kumkosa Zuleikha.

Alhamisi, 14 Februari

Nimelala usingizi wa mtoto. Nimeanza kushona kanzu yangu ya arusi, kola ya darizi.

Farjallah kapeleka kapu la machungwa Muyeye, nyumbani kwa shangazi Kuluthumu, waliobaki wajiliwaze. Aliyefungua mlango ni shangazi mwenyewe, mzima, ana mwiko mkononi. Farjallah akasema Mungu mkubwa, madaktari wa siku hizi wana mikono mepesi. Shangazi hakuelewa kitu ila machungwa, akayapokea. Jioni kaja kwangu kuuliza ana jiwe gani. Nikamwambia ashukuru, limeshatoka.

Ijumaa, 15 Februari

Limetoka.

Limetoka lote! Nusu ukurasa, jina langu kwa herufi nene. Hata ule mstari wa mwisho niliouandika na hasira zangu, kwamba wenye vitambi wanaozungukazunguka Mambrui wajue mlango umefungwa. Nilikuwa nimeusahau.

Mzee Uthman alilisoma barazani baada ya sala, kwa sauti, kama ada yake. Waliokuwepo wanasema alianza vizuri. Katikati sauti ikashuka. Akalikunja gazeti, akainuka, akaenda zake nyumbani, viatu kavisahau pale pale. Saa tisa kaja mjumbe. Mzee anasema mtu asiyeweza kuzuia neno moja mpaka Jumamosi hawezi kuwekewa amana ya binti ya watu. Kule Lamu hendi tena.

Nikakimbilia posta. Simu imetengenezwa! Shilingi moja, mlio mmoja, na kapokea Mumbua mwenyewe! Kabla sijafungua kinywa akaniuliza kama nimeliona. Akasema wamelitoa lote kama nilivyotaka, na amegombana na mkubwa wake kwa ajili yangu. Nikamwambia mimi nilitaka litolewe. Akasema limetolewa, bwana. Nikasema litolewe, liondoke, lifutwe! Akasema polepole kwamba wao gazetini wakisema tangazo limetolewa, ndiyo limechapwa. Kama nilitaka kufuta, mbona sikusema kufuta?

Mbona sikusema! Kwa kuwa Farjallah alikuwa begani kwangu na jiwe la babake. Nikamwambia si kosa lako, dada. Alikuwa yuaelekea kulia, na mimi pia. Yeye alijizuia. Mimi nilikaa kwenye ngazi za posta nikalia mchana kweupe, fundi mzima, watu wanipita na bahasha zao.

Jumapili, 17 Februari

Farjallah hanisemeshi. Kanunua kufuli jipya.

Batuli nimemwambia yote. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Alijitanda buibui, akaenda Mambrui kuniombea. Karudi magharibi, kavua viatu, kakaa. Nikamuuliza Zuleikha kasemaje. Akasema Zuleikha kamwambia hivi: mimi nilikwishamkubali moyoni, neno langu lilikuwa njiani, kilichompeleka kutafuta neno la gazeti ni nini?

Nampenda Zuleikha. Hilo hata kwenye tangazo sikuliandika.

Lakini kuna habari njema! Mamake Zuleikha alimsindikiza Batuli mpaka mlangoni, akamnong'oneza kwamba hasira za Mzee hazimalizi mwezi. Farjallah bado hajapewa jawabu, na Zuleikha bado hataki mwengine. Gharib anyamaze tu. Asije, asitume mtu, asiandike, jina lake lisisikike Mambrui mpaka Mzee apoe mwenyewe. Akiweza hilo, mlango utafunguka. Batuli kanishika mikono yote miwili, akaniuliza, mdogo wangu, utaweza? Kuna kazi rahisi kuliko kunyamaza?

Nikaapa. Nimelia tena, safari hii kwa shukrani.

Jumatatu, 18 Februari

Mwezi ni mrefu. Sikwambii.

Na wanawake hawazijui hasira za wanaume. Hasira ikiachwa peke yake haipoi, yaota mizizi. Mzee Uthman anataka kunisamehe, mimi namjua, ila hajui aanzie wapi. Anahitaji kusaidiwa kidogo.

Basi nimeandika tangazo jingine, kwa ufupi, kwa heshima, bila vitambi vya mtu. Kwamba Mzee Uthman wa Mambrui amemsamehe Bwana Gharib Aboud kwa moyo mkunjufu, na arusi iko pale pale. Ijumaa atalisoma mwenyewe, kwa sauti, barazani. Akishasoma kwamba amesamehe, atasema hakusamehe? Mbele ya watu wote wale?

Na mtu hujifunza kwa makosa. Safari hii sikuandika litolewe. Nimeandika lichapwe.

Batuli nitamwambia Ijumaa, iwe furaha ya ghafla. Basi la Jefwa limepona gia, limeondoka nalo asubuhi hii.